Mashine ya kugawa dawa kwa askari aliyejeruhiwa: kuichagua, kuijaza na kuishi nayo

Shemeji yangu alipotoka hospitali ya jeshi na kurudi nyumbani Tacoma, alikuja na vichupa kumi na kimoja vya dawa ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi za maelekezo kurasa kumi na nne, na kichwa kilichotikiswa na mlipuko kiasi cha kutokumbuka kama ameshakunywa chai. Dada yangu akageuka kuwa saa yake. Asubuhi: "Umemeza?" Mchana anapiga simu kutoka kazini: "Umemeza?" Usiku hivyo hivyo. Baada ya miezi miwili hawakuwa na mazungumzo mengine, na shemeji alikuwa anajibu "ndiyo" kabla swali halijaisha.

Mashine ya kugawa dawa ndiyo iliyoliondoa swali hilo mezani. Naandika hatua tulizopitia, makosa yakiwemo, kwa sababu nazijua familia kadhaa za kwetu hapa Marekani zenye mtu wa aina hii ndani. Vijana wetu wengi wameingia jeshini. Wengine waliingia kwa kadi ya kijani, wengine kupitia mpango wa MAVNI ulioanza 2009, ulioandikisha wageni wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Na tangu mwaka 2000 jeshi la Marekani limeandikisha zaidi ya visa 400,000 vya majeraha ya ubongo, vingi vikiwa vya mtikisiko mdogo. Neno "mdogo" ni la daktari. Kwa mke anayeambiwa jambo moja mara tano kwa siku, si dogo.

Mimi ni msaidizi wa muuguzi katika nyumba ya wazee. Si daktari wala mfamasia, na panapohusu dozi neno la mwisho ni lao.

Hatua ya 1: Pima kama mashine inamfaa

Kazi ya mashine hizi ni moja. Saa ikifika inalia au inawaka taa, inatoa dozi ya wakati huo tu, na nyingine zote zinabaki zimefungiwa ndani. Nyingi zimeunganishwa na simu: mtu akipitiliza muda, dozi inafungiwa asiichukue tena na ujumbe unaenda kwa yule mliyemchagua. Inamsaidia anayesahau, anayechanganya, na hasa yule anayemeza mara mbili kwa kuwa haikumbuki ile ya kwanza.

Anayekataa dawa kwa makusudi hatasaidiwa na kengele. Huyo ana sababu: labda dawa inamlaza mchana kutwa, labda imemharibia mambo ya chumbani na anaona haya kusema. Hilo ni la kupeleka kwa daktari kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe waziwazi. Kufuli ya mashine ni ya plastiki, na mwenye bisibisi anaifungua kwa dakika moja. Ikiwa mgonjwa wako amewahi kusema hataki kuishi, usijaze dawa za mwezi mzima ndani ya nyumba kabla ya kuzungumza na wanaomtibu. Waombe watoe dawa kidogo kidogo, za wiki moja moja. Simu ya dharura ya wanajeshi wastaafu ni 988, kisha unabonyeza 1. Inapokelewa usiku na mchana, na ndugu wa familia pia anaruhusiwa kuipiga kuomba ushauri.

Kama hapo pamepita salama, mpe jaribio dogo: kikombe chenye vidonge vitatu vya peremende, mezani. Je, anakifikia? Anaweza kukiinua kwa mkono uliobaki? Anasikia kengele akiwa chumbani, au mlipuko ulimwachia sikio moja? Majibu haya ndiyo yatakayokuchagulia mashine. Tangazo halitayajua.

Hatua ya 2: Orodha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi hukurupuka. Wananunua mashine Ijumaa, wanaijaza Jumamosi, na kosa lililokuwa kwenye mfuko wa plastiki sasa linatolewa na mashine kwa wakati, kila siku.

Mwaga kila kitu mezani: dawa za hospitali ya jeshi, zilizoletwa na posta kutoka VA, idara inayowahudumia wanajeshi wastaafu, zilizonunuliwa dukani bila cheti, vitamini, unga wa mazoezi, na ile mizizi mama aliyoleta kutoka nyumbani ndani ya chupa ya soda. Usifiche mizizi. Mfamasia hatacheka, na ipo mitishamba inayogombana na dawa za presha na za kuzuia damu kuganda.

Sasa soma lebo moja moja. Sisi tulikuta kichupa kimeandikwa Keppra na kingine kimeandikwa levetiracetam, vyote vya miligramu 500, kutoka maduka mawili ya dawa. Ni dawa moja ya kuzuia kifafa. La kwanza ni jina la biashara, la pili ni jina la dawa yenyewe. Shemeji alikuwa anameza vyote viwili asubuhi na jioni, kwa utiifu kabisa, na sisi tukashangaa kwa nini anapepesuka na kuwa mkali kama nyuki. Zoloft na sertraline ni hivyo hivyo, Neurontin na gabapentin pia. Andika jina la dawa yenyewe, jina la biashara pembeni, kisha nguvu ya kidonge, idadi, saa, kazi yake, na jina la daktari aliyeiandika. Kidonge kisichopata kazi katika orodha yako ni swali la kumpelekea mfamasia.

Beba orodha pamoja na vichupa vyenyewe, nenda kwa mfamasia, muombe dakika ishirini. Muulize: ipi haitakiwi kuonana na nyingine? Ipi inaliwa na chakula? Ipi haipaswi kukatwa wala kusagwa? Na kwa kila moja: akiikosa dozi, afanyeje? Swali hilo la mwisho ni la muhimu kuliko yote kwa mwenye mashine, maana mashine ikifunga dozi utataka jibu saa hiyo hiyo. Majibu hayafanani. Prazosini, anayopewa mtu wa kiwewe kupunguza jinamizi za usiku, ikikatika kwa siku kadhaa usimrudishie dozi ile ile. Presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Daktari humwanzisha upya na dozi ndogo. Baklofeni ya kulegeza misuli nayo haikatizwi ghafla: mtu anaweza kuona vitu visivyokuwepo au kupata kifafa.

Kama askari bado yuko kwenye utumishi, katika kile kikosi cha kuuguza majeruhi (zamani kikiitwa Warrior Transition Unit, kilichoanzishwa 2007, siku hizi Soldier Recovery Unit), kuna muuguzi anayesimamia matibabu yake yote. Mpe nakala ya orodha. Aliyekwisha kuacha jeshi ana timu yake ya VA, na mfamasia ni mmoja wao.

Hatua ya 3: Tenga kinachoingia na kisichoingia

Vidonge vikavu na kapsuli ngumu huingia. Vitu hivi viache nje:

- Dawa za maji, za sindano, za friji, na zinazoyeyuka ulimini au ndani ya maji.
- Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo inayowekwa chini ya ulimi. Inakaa kwenye kichupa chake cha kioo, karibu na mtu.
- Dabigatrani, dawa ya kuzuia damu kuganda: unyevu wa hewa unaiharibu nje ya kichupa chake.
- Kapsuli laini za mafuta, kama vitamini E. Joto likipanda zinanata. Mwezi wa saba mmoja ziligandana ndani ya mashine yetu zikazuia na nyingine zote, nikawa nazichokonoa kwa kijiti cha kusafishia masikio.
- Chochote cha "ukihitaji": dawa ya kichwa, ya kichefuchefu, ya usingizi wa mara moja moja. Mashine haijui kama kichwa kinauma.

Nusu vidonge huacha unga unaoziba njia. Muombe mfamasia kidonge kizima chenye nguvu ile ndogo. Mara nyingi kipo.

Hatua ya 4: Chagua mashine

Kwa ujumla ziko za namna tatu. Ya kwanza ni sahani ya duara yenye vijichumba, mara nyingi 28, inayozunguka ndani ya kifuniko chenye kufuli. Unaijaza kwa mkono. Kwa anayemeza mara nne kwa siku inatosha wiki moja, kwa wa mara moja inatosha wiki nne. Ni rahisi, haina mambo mengi, na nyingi zinahitaji mgonjwa aigeuze juu chini ili vidonge vidondokee mkononi. Kwa mwenye mkono mmoja au anayetetemeka, huo ni mtihani.

Ya pili ni kubwa kama mashine ya kahawa. Unamwaga kila dawa kwenye kontena lake, unaingiza ratiba, na yenyewe inachambua na kutoa mchanganyiko kikombeni kwa kubonyeza kitufe. Hero ni mfano: inabeba aina 10 za dawa, hadi za siku 90. Inapunguza kazi ya kujaza, lakini unalipa kila mwezi, na vidonge vidogo sana au vyenye umbo la ajabu huisumbua.

Ya tatu hutegemea duka la dawa: mfamasia anafunga dozi kwenye trei au vipakiti, wewe unapachika tu. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mashine iliyoitwa EMMA, iliyopata kibali cha serikali ya Marekani 2007, ilibeba kadi za vidonge na ratiba yake ikibadilishwa kwa mbali na mtaalamu. Kwa familia iliyochoka, ya namna hii ndiyo ningeitafuta kwanza.

Kuhusu malipo, usikimbilie kadi ya benki. Muulize daktari wa VA akuandikie kwenda kwa mtaalamu anayewafundisha majeruhi upya kazi za kila siku, za kuvaa, kupika na kushika kijiko. Yeye ndiye anayeweza kumpima na kuandika kwamba chombo kinahitajika kwa matibabu. Ombi lenye saini yake husikilizwa kuliko ombi la shemeji mtu. Simu ya VA ya kuwasaidia wanaouguza nyumbani ni 1-855-260-3274. Wanaweza kukuelekeza mlango wa kugonga.

Halafu mwite mwenyewe achague. Shemeji yangu alikataa mashine mbili kabla ya kukubali ya tatu. Ya kwanza alisema, "Shem, hii ni ya bibi yangu." Nikakasirika, maana ilikuwa nafuu. Lakini ile ya tatu, nyeusi, iliyokaa jikoni kama redio, hajawahi kuichomoa kwenye umeme.

Hatua ya 5: Mahali na sauti

Iweke anapopita kila siku, mbali na jiko, sinki na jua la dirisha. Bafuni hapana, mvuke unaua dawa. Chini yake weka kitambaa cha mpira kisichoteleza ili mwenye mkono mmoja asiisukume. Glasi ya maji ijazwe usiku na ikae pembeni. Mtu wa kusahau akienda kutafuta maji, vidonge vinabaki mezani.

Sauti ishughulikieni pamoja, akiwa ameketi na anajua itakapolia. Kwa aliyeishi kambini chini ya ving'ora, mlio mkali wa ghafla hausikiki kama saa ya dawa. Anzeni na taa, kisha sauti ya chini, na kama mashine inaruhusu kurekodi, rekodini sauti ya mtu. Sisi tulimrekodi mtoto wa miaka mitano akisema, "Baba, njoo." Inafanya kazi kuliko kengele zote. Ila dada anasema mtoto akikua itabidi tuirekodi upya, maana sasa ana sauti ya kudai hela.

Hatua ya 6: Panga saa

Funga kila dozi kwenye jambo ambalo tayari lipo: chai ya asubuhi, mtoto kurudi shule, kupiga mswaki. Punguza idadi ya nyakati kadiri daktari atakavyoruhusu. Tulitoka nyakati sita tukafika tatu, kwa kuuliza tu. Dawa ya mara mbili kwa siku maana yake ni kama kila saa kumi na mbili. Prazosini iwe ya kulalia, na akiamka kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda.

Sasa onyo ambalo hamtalikuta kwenye kitabu cha maelekezo, maana aliyekiandika hasemi Kiswahili. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusaidia miezi mitatu. Akaniandikia ratiba kwa mkono wake mzuri: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Nikaingiza saa ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikaandika 2:00 AM. Usiku wa kuamkia Jumatatu mashine ikalia kwa sauti yote. Dada alipowasha taa, mumewe alikuwa amesimama mgongo ukutani, anahema, ameshamvuta mtoto nyuma yake. Hakulala tena hadi kumekucha, na mimi sikupokea simu yake kwa siku mbili kwa aibu.

Kwa hiyo andika saa kwa mtindo wa mashine yenyewe, na mwingine asome kwa sauti: "8:00 PM, yaani saa mbili usiku." Na muwe macho zaidi na 12: 12:00 AM ni saa sita usiku, 12:00 PM ni adhuhuri.

Hatua ya 7: Kujaza

Chagua siku na saa moja isiyobadilika. Yetu ni Jumapili baada ya kutoka kanisani. Runinga imezimwa, simu zimegeuzwa kifudifudi, mikono imenawa, taa ya juu imewaka. Wawili mezani: mmoja anajaza, mwingine anahakiki.

Kwa sahani yenye vijichumba, jaza dawa moja kwa wiki nzima kabla ya kugusa nyingine. Fungua kichupa cha levetirasetamu, weka kimoja kila asubuhi na kimoja kila jioni, vijichumba kumi na vinne, funga kichupa, kipeleke upande wa pili wa meza. Ndipo ufungue kingine. Ukijaza siku kwa siku, vichupa vyote vikiwa wazi, mtu akigonga mlango hutakumbuka ulipofikia. Ukimaliza, hesabu vidonge katika kila kijichumba: asubuhi vitano, mchana viwili, usiku vinne. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Piga picha ya sahani iliyojaa. Mara mbili picha hiyo imetuokoa na ubishi.

Kwa mashine ya makontena, hatari ni moja lakini kubwa: kumwaga dawa kwenye kontena lisilo lake. Linganisha jina la lebo na jina la kioo cha mashine, herufi kwa herufi. Na umbo la kidonge likibadilika ghafla, jana cheupe cha duara, leo cha manjano kirefu, simama. Huenda duka limebadilisha kiwanda tu, lakini mpigie mfamasia kabla hujamwaga.

Vichupa vyenyewe vifungiwe kabatini baada ya hapo. Mashine ikiwa jikoni na vichupa vikiwa juu ya friji, atameza mara mbili, na safari hii utakuwa umemsaidia.

Dawa za posta za VA agizeni siku 10 hadi 14 kabla hazijaisha. Jumapili ya kujaza ndiyo siku ya kuangalia kilichobaki.

Hatua ya 8: Dawa kali za maumivu

Oksikodoni, morfini na wenzao wa jamii ya afyuni ni habari nyingine. Zikiwa za "ukihitaji" hazikai kwenye mashine. Zinakaa kwenye kisanduku cha chuma chenye ufunguo, na kila kidonge kinachotoka kinaandikwa daftarini: tarehe, saa, kilichobaki. Zikiwa za ratiba, muulize daktari kama zipitie mashine. Faida yake ni kwamba haiwezi kutoa mbili kwa mpigo. Kumbuka oksikodoni haina kuongezewa kwa cheti kile kile. Kila mara daktari anaandika kipya, kwa hiyo zikipotea au kuibwa mtakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Angalieni nini kinapangwa saa moja. Afyuni, pamoja na dawa za usingizi au za wasiwasi za jamii ya diazepamu, pamoja na pombe, hupunguza pumzi hadi isimame. Gabapentini nayo huongeza hatari hiyo. Wekeni naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomzindua aliyezidiwa na afyuni, mahali ambapo kila mtu mzima ndani ya nyumba anapajua. Tangu 2023 inauzwa bila cheti hapa Marekani, na VA huwapa wagonjwa wake. Akiwa haamki, midomo inageuka rangi, anakoroma kama mtu anayezama: piga 911, puliza tundu moja la pua, mlaze ubavu, usimwache. Kwa dozi iliyozidi lakini mtu yuko macho, kituo cha sumu ni 1-800-222-1222.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Mashine inajua kwamba kikombe kimechukuliwa. Haijui kama dawa imemezwa. Tulifurahia ripoti ya asilimia mia moja kwa siku tisa, hadi dada alipofua koti la jinzi la mumewe akakuta vidonge saba vya mchana vimeyeyuka mfukoni.

Hakumfokea, na ninamheshimu kwa hilo. Alimuuliza tu vile vya mchana vina nini. Akasema vinamlaza, na saa tisa anatakiwa kumchukua mtoto shuleni. Alikuwa anaogopa kusinzia kwenye usukani. Tukampigia daktari, kidonge cha mchana kilichokuwa kinamlaza kikahamishiwa usiku. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo mtu awepo, sio kumlinda, ila kunywa chai naye pale mashine inapolia.

Kubalianeni pia ujumbe wa simu uende kwa nani. Mkiupeleka kwa mke, mtakuwa mmerudisha lile "umemeza?" kwa mlango wa nyuma. Kwetu unaanza kwenye simu yake mwenyewe, baada ya dakika thelathini unakuja kwangu, na baada ya saa moja kwa dada. Shemeji alitaka iandikwe, tukaiandika, tukaibandika kwenye friji.

Hatua ya 10: Dawa ikibadilishwa katikati

Daktari anapiga simu Jumanne: punguza sertralini. Mashine imejaa hadi Jumamosi na haijasikia simu hiyo. Siku hiyo hiyo isimamishe, itoe, uirekebishe, uihesabu upya, uandike namba mpya ndani ya kifuniko. Usiseme utafanya Jumapili. Kidonge kilichoondolewa kisirudi kwenye kichupa kwa kubahatisha. VA na maduka mengi ya dawa yana sanduku la kutupia dawa zisizotakiwa.

Akilazwa hospitali, chukueni orodha mpya siku ya kutoka na mrudie hatua ya 2 yote. Najua inachosha.

Umeme na safari

Chomoa waya mchana mmoja uone betri inadumu saa ngapi. Waliokuwa Texas Februari 2021 umeme ulipokatika kwa siku kadhaa wanaelewa kwa nini. Ufunguo wa akiba ukae kwa mtu wa pili, na ile karatasi ya ratiba iwepo ili muweze kugawa kwa mkono bila kubabaika.

Mkisafiri kwenda Dar au Nairobi, mashine ibaki. Dawa zisafiri kwenye vichupa vyake vyenye lebo, ndani ya mkoba wa mkononi, na barua ya daktari, hasa kwa afyuni, ambazo uwanja wowote wa ndege wana haki ya kuziuliza. Tumia kisanduku cha kawaida cha siku saba, na muulize mfamasia jinsi ya kuhamisha saa: kutoka Tacoma hadi Dar ni tofauti ya saa kumi au kumi na moja, na dawa ya kifafa haipendi kurukwa.

Ufunguo

Kila mwezi chapisha ripoti ya dozi zilizotoka na zilizokosa, uipeleke kwa daktari. Ataangalia mpangilio: asubuhi za Jumamosi tu? Wiki zile za jinamizi? Ripoti ya mwezi wa nane ndiyo iliyomfanya daktari wetu amruhusu shemeji ajaze mwenyewe. Anatumia mkono wa kushoto na kibanio kidogo cha nyusi alichokipora kwa dada. Anachukua dakika hamsini kwa kazi ninayoimaliza kwa kumi na tano. Mimi naketi ng'ambo ya meza nahesabu: tano, mbili, nne. Dada siku hizo huwa amelala.